Masanduku ya Kwenda Kasenga

Jumatatu, 9 Juni
Asubuhi nimekata lenzi sita za miwani. Mchana nimerudi kwenye pikipiki. Vyuma vya kubebea masanduku nilivyonunua sokoni vimeingia, lakini kwa shida. Kulia, bomba la moshi linasukuma sanduku nje. Kushoto, sanduku linakaa karibu na gurudumu. Ukitazama kutoka nyuma, pikipiki inafanana na mama aliyebeba mtoto kiunoni. Nimekaza bulon zote mwenyewe kwa spana. Najivunia.

Muuguzi wa Kasenga, kule mtoni, amepiga simu tena. Watu watakuja kupimwa macho Jumatano ya tarehe 25, wengine kwa miguu kutoka mbali. Nimemwambia nitakuwepo. Mwaka jana nilipanda lori na nikafika na nusu ya lenzi za kupimia zimepasuka. Wengi walirudi kwao bila miwani. Safari hii nabeba mwenyewe.

Alhamisi, 12 Juni
Jaribio. Sikuweka lenzi. Niliweka matofali yenye uzito uleule, nikayazungushia taulo. Barabara ya Kasumbalesa, kati ya malori. Baada ya kilima cha kwanza nyuma ikaanza kuyumba. Kisha mlio. Chuma cha kulia kilikatika, sanduku likaanguka, likaburutwa na kamba. Lori la nyuma yangu lilisimama karibu sana. Dereva alishuka, akauliza kama nimeumia, akanisaidia kusogeza kila kitu pembeni. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Matofali yote vipande.

Ijumaa, 13 Juni
Nimeuliza mafundi wawili hapa mtaani kwangu, Hewa Bora. Wote wanasema watachomelea palepale palipokatika. Nimeuliza kwa nini pamekatika. Hakuna aliyejua.

Namjua anayejua. Sitaki kwenda.

Jumamosi, 14 Juni
Sikwenda.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa nimekwenda mtaa wa Annexe, kwa Yaya Ilunga. Kaka yangu mkubwa. Amechomelea vyuma tangu mimi niko shule ya msingi. Hatujazungumza miaka mitatu, tangu kifo cha Odile, mke wake. Odile alikuwa rafiki yangu kabla ya kuwa shemeji yangu. Ni mimi niliyewakutanisha. Alipokufa, sikufika kwenye kilio. Niliagiza mtu aseme nina malaria. Nilikuwa nyumbani, mzima, nimefunga madirisha.

Yaya alikuwa uani. Hakusimama. Aliitazama pikipiki kabla ya kunitazama mimi. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye chuma kilichokatika.

"Nani alifunga hii?"

"Ni miye, Yaya."

"Iko nashika ku plastiki. Chuma inapashwa kushika ku chasi, ku mifupa ya pikipiki."

Akaendelea kukagua. Nilidhani hatasema lingine. Kisha, bila kuinua kichwa:

"Ku kilio ya Odile haukufikaka."

Nilikuwa na maneno niliyotayarisha njia nzima. Nikayaacha yote.

"Sikukuwa mugonjwa, Yaya. Niliogopa kumuona vile."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, nikahesabu mapigo. Mwishowe akasema, "Acha pikipiki hapa."

Nimerudi kwa miguu mpaka barabara kubwa. Sijui kama amenisamehe. Nimelia kidogo, nikanunua mikate, nikaja nyumbani.

Jumanne, 17 Juni
Vyuma vyangu amevitupa. Ameanza upya na mabomba ya mviringo. Amenieleza huku akipima: kila upande unashikwa na chasi mahali patatu, na bomba moja linapita nyuma ya gurudumu kuunganisha kulia na kushoto, ili pande zisijipinde. Nimeshika mwisho wa mita. Hatukuzungumza jambo jingine. Ilitosha.

Jumatano, 18 Juni
Umeme hakuna.

Alhamisi, 19 Juni
Hakuna.

Ijumaa, 20 Juni
Hakuna. Upande wa kulia umeisha, wa kushoto ni vipande sakafuni. Muuguzi ameniambia watu wa visiwani wamekwisha kuanza safari. Nimekasirika na kila mtu. Nimemuuliza Yaya kama tutamaliza, kwa sauti ambayo haistahili kwa mkubwa. Akanijibu taratibu kwamba chuma hakichomelewi kwa hasira, akanipa tairi kuukuu na kisu. Nimekata vipande vya mpira vya kuweka kati ya sanduku na chuma, ili mitikisiko isifike kwenye lenzi. Nimekata mpaka vidole vikauma. Hasira ikapungua.

Jumamosi, 21 Juni
Umeme umerudi saa nane mchana. Yaya aliacha bukari yake, ugali wa mchana, mezani, akavaa kinga ya uso. Nilisimama nimeupa mgongo ule mwanga, nikasikiliza. Kufikia saa kumi na moja upande wa kushoto umesimama. Hakuna mfano wa mama na mtoto tena. Masanduku yanalingana, la kushoto limesogezwa nje kidogo, kwa makusudi, ili lisawazishe bomba la moshi.

Jumatatu, 23 Juni
Matofali mengine. Yaya amenipitisha kwenye mashimo yote ya mtaa wake, yeye akitembea kando na kuinama kutazama chini. Mara tatu. Watu wametucheka. Hakuna kilichotikisika. Amekaza bulon kwa mara ya mwisho, akaniambia nizikague kila nikisimama.

Kabla sijaondoka ameniambia Jumapili ijayo anakwenda kusafisha kaburi la Odile. Hakuniomba niende. Nimemwambia nitakuja. Akasema niache viatu vizuri nyumbani, kuna nyasi nyingi.

Jumanne, 24 Juni
Nimefika Kasenga. Vumbi mpaka kwenye meno. Nimefungua sanduku la lenzi kwanza, kabla ya kunywa maji. Hakuna hata moja iliyopasuka. Nimezihesabu mara mbili kwa sababu sikuamini.

Jumatano, 25 Juni
Watu wengi kuliko nilivyotazamia. Sijakaa chini mpaka saa kumi. Katekista mmoja mzee alijaribu miwani, akafungua kitabu chake, akasoma, akarudia mstari uleule. Kumbe miaka miwili amekuwa akisoma neno moja vibaya mbele ya waumini wote. Alicheka hadi akavua miwani kufuta macho.

Jioni Yaya alipiga simu. Aliuliza habari ya bulon. Nikamwambia moja imelegea kidogo, nimeikaza. Akasema vizuri. Nilingoja akate. Hakukata. Akauliza kama nimekula.

Nimekula, nikamwambia. Bukari na samaki.