Msalaba Juu ya Ukuta wa Pinki

Jumapili, 29 Aprili 1984. New Orleans

Nimeshinda! Ukuta wa mbele wa banda la Meksiko utakuwa pinki, ile kali, ya kwetu. Kamishna Urrutia, anayesimamia banda kwa niaba ya serikali, alitaka krimu, ati tuonekane watu wa maana. Nikamwambia krimu ni rangi ya benki. Maonyesho ya Dunia yanafunguliwa tarehe kumi na mbili Mei na sina wasiwasi hata chembe. Mchoro wangu, ukuta wangu.

Jumanne, 1 Mei

Aibu! Don Cástulo, fundi mkuu, kaniuliza keshokutwa tutakula nini. Keshokutwa? Tarehe tatu — Msalaba Mtakatifu, sikukuu ya waashi! Na mimi nimeipangia kazi. Mimi, binti wa mwashi! Kanicheka: "Msanifu, masomo yamekupeleka mbali, eh?" Basi. Nguruwe nanunua mimi.

Alhamisi, 3 Mei

Hakuna aliyegusa mwiko. Wamepandisha msalaba wao hadi kileleni, umevikwa maua ya karatasi, wakaufunga kwa waya. Utakaa hapo mpaka kazi iishe, na vigae vya juu bado. Ukishushwa kabla, mtu ataanguka. Baba aliamini hivyo. Leo, bia mkononi, nami naamini. Tumekula, tumeimba, don Cástulo kacheza na ndoo. Na juu ya pinki ile, unavyopendeza — laiti ningeuchora mwenyewe!

Ijumaa, 4 Mei

Urrutia kaja mbio, tai ya shingoni imerukia begani. Msalaba juu ya banda la serikali! Hivi nimesahau kwamba serikali yetu haina dini? Waziri anakuja kesho na wapiga picha! Kisha akapoa, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya zaidi. Msalaba ukishuka, pinki inabaki. Usiposhuka, makopo ya krimu yako stoo, na wapaka rangi wa hapa mjini wanasubiri simu tu.

Nikamwendea don Cástulo. Hakubishana.

"Ushushe, msanifu. Koleo la kukatia waya hili hapa. Ila sisi huko juu hatupandi tena. Vigae utabandika wewe na kamishna, na yeye umshike kiuno asianguke."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nina hasira na wote wawili, maana kila mmoja ana haki yake.

Jumamosi, 5 Mei

Naandika nikiwa juu ya jukwaa la mafundi, ubavuni mwa msalaba. Nimepanda mwenyewe, koleo mfukoni. Don Cástulo kanishikia ngazi. Waashi wote wamevua kofia, wananitazama mimi.

Gari la waziri limeingia getini. Urrutia ananipungia mikono yote miwili: kata, kata!

Pinki yangu inawaka juani. Naipenda mno, Mungu wangu.

Nimetoa koleo. Waya wa chini umelegea, upepo wa mto umeutikisa usiku kucha. Nimeukaza.

Urrutia anapaza sauti: tayari?

Bado kidogo, kamishna — kuna na waya wa juu.