Maelezo Kuhusu Ukuta Ulioanguka Kwenye Kona ya Kwenda Yadi ya Makontena

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana kwa jina la Mzee Gia
Umri: miaka 61
Kazi: dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu, sasa anashona viti vya magari
Makazi: kwenye kona ya barabara iendayo yadi mpya ya makontena

Mimi ni mtajwa hapo juu. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimeendesha lori katika nchi saba, nane ukihesabu ile niliyoingia kwa kupotea njia. Natoa maelezo haya kwa hiari yangu, na chai nimekunywa kwangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu kulikuwa na mkutano wa wakazi kuhusu yadi hiyo inayojengwa nyuma ya mtaa wetu. Malori yake yote yatapita ubavuni mwa nyumba ya dada yangu mkubwa, fundi cherehani, ambaye hushonea chumba cha mbele. Nilisimama nikapinga. Nilimwambia meneja wa yadi, "Tela lenye kontena haliwezi kukata kona ile. Likikata, mimi navaa gauni." Meneja akasema, "Basi kesho njoo na rangi unayoipenda."

Kesho yake, saa nne asubuhi, lori lilikuja na kontena lililojaa. Nilipomwona dereva nikamtambua. Alikuwa Taratibu, aliyekuwa utingo wangu, nami ndiye niliyemfundisha usukani. Alishuka, akaikagua kona kwa miguu, akakunja kioo cha pembeni, akaniamkia, "Shikamoo, bosi. Unisamehe." Nikajibu, "Marahaba. Ukikwama nakukana." Hapohapo nikakumbuka kwamba nilitaka akwame.

Akapita. Kati ya tela na ukuta wa dada ningepenya mimi na tumbo langu hili, ambalo Afande anayeandika analiona. Nilikuwa nimeshindwa hadharani, tena kwa ufundi wangu mwenyewe. Watu wakaanza kuimba, "Gauni! Gauni!" Dada akaacha cherehani, akatoka nje ili anicheke vizuri.

Lori lilikuwa limeshanyooka, lakini mtetemo bado niliusikia kwenye nyayo. Ukuta wa chumba cha mbele ukaanza kufumuka kuanzia chini kama pindo la suruali, ukalalia cherehani na kiti. Kiti hicho dada alikuwa amekikalia punde tu kabla ya hapo. Angekuwa mtu wa kunionea huruma, leo ningekuwa natoa maelezo mengine.

(Hapa shahidi ameomba maji, amepewa.)

Taratibu aliposikia kishindo alisimamisha lori, akarudi mbio, akachakura kifusi kwa mikono huku akimwita dada, hadi dada mwenyewe alipomgusa bega. Ndipo walinzi wa yadi wakamshika, wakamleta hapa kituoni, wakidai ameugonga ukuta.

Jioni meneja alinifuata. Akasema, "Mzee wangu, sema tu dereva aligonga. Dada yako tunamjengea, na barabara itaonekana haina tatizo." Nikampelekea dada neno hilo. Akajibu, "Mimi nitashonea chini ya turubai. Nenda kaseme ulichoona, mdogo wangu, ila usitie chumvi, nakujua."

Sijatia. Taratibu hakugusa hata rangi ya ukuta ule. Lingekuwa kosa la dereva, dawa ingekuwa kubadilisha dereva. Lakini huyu ndiye bora kuliko wote, baada yangu, na ukuta umeanguka vilevile. Je, watakapopita wengine mchana kutwa? Pingamizi langu lipo palepale, ila sababu nimeirekebisha: kona inatosha, ardhi ndiyo haiwezi. Nitasema hivyo hata mahakamani, na meneja akiwa amekaa mbele yangu.

Niliyoyaona ni hayo, sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: GIA

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, naye amekubali ni sahihi baada ya kunifutisha neno "aligonga" nililoandika kimakosa. Nimemruhusu kwenda nyumbani. Amesema ataondoka pamoja na dereva, ambaye bado yuko mahabusu. Shahidi yuko kwenye benchi, anamsubiri.