Mdudu Aliyekataa Kumwimbia Mama

Kawangware, 6 Aprili 2024

Immaculate dadangu,

Niaje? Mama anaendeleaje? Mimi bahati imenishika shati na haitaki kuniachilia. Nimepata kazi Lavington kwa tajiri anayefuga wadudu. Wenye pesa wamechoka na mbwa. Mimi ndiye mkubwa wa wadudu wote. Simu iko kwa fundi, kwa hivyo Kavoi wa mkokoteni analeta barua hii na chupa. Ndani ni nyenje, yule mdudu wa kuimba mitini ambaye Mama anamlilia tangu macho yazime, amsikie tena kama kwetu Kimilili. Mwekee sikioni.

Kaka yako, Mukhwana

Soweto West, Kibera, 9 Aprili

Kaka,

Sisi tuko, shukrani. Lakini mdudu haimbi. Mama analala na chupa sikioni. Anasema masikio nayo yanazima, sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, jinsi macho yalivyoanza kwa kupoteza tundu la sindano. Una uhakika ni nyenje? Ana pua kama mdomo wa birika.

Dada yako

Kawangware, 12 Aprili

Dada,

Salamu kwa wote, hata yule jirani wa kukopa chumvi. Kwa nyenje, dume ndiye mwenye kelele, jike ananyamaza. Kinyume na nyumba yetu. Huyo ni jike, basi. Mpe tawi bichi anyonye.

Kaka yako, mtaalamu

Kibera, 20 Aprili

Kaka,

Habari ya huko? Hapa si nzuri. Jirani Osewe ametafuta kwa simu. Nyenje ana kichwa kipana, na dume huimba kwa tumbo. Wako anaitwa mdudu wa taa, na hata hiyo taa hana. Wote wakubwa, wote wananyonya utomvu wa miti, wamefanana hapo tu. Nikamwambia Mama. Akasema, "Wacha kunibembeleza. Mukhwana ndiye mkubwa wa wadudu, atakoseaje?" Redio yake amempa Adhis, mtoto wa jirani, eti yeye haimfai tena. Sasa tukimwita Mama haitiki. Njoo, ama ulete nyenje.

Dada yako

Kawangware, 4 Mei

Dada,

Sijauliza hali, naogopa jibu. Nyenje nimewasikia, lakini miti yao iko ndani ya kuta za watu, na askari wa geti hataki hata nisimame kivulini. Jumapili nilifika hadi Kisumu Ndogo, hapo karibu na kwenu. Nikashindwa kuingia kwenu mikono mitupu, nikarudi.

Msomee Mama hii, karibu na sikio.

Mama, masikio yako ni mazima. Huyo mdudu nilimwokota ukutani nikingoja kibarua, na sikupata kibarua. Sijui wadudu. Hakuna tajiri. Sina kazi yoyote.

Mwanao, Mukhwana