Shangazi Amemchukua Ngurumi

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa hasira, naomba uniokoe kabla sijafanya jambo la kuivunja familia yetu. Mimi ni fundi friji, karakana yangu iko uani hapa hapa nyumbani, na nina binti mmoja wa darasa la kwanza ambaye tangu alipojua kushika penseli anashinda nami kazini, mimi nahangaika na kompresa, yeye kalala kifudifudi sakafuni anachora. Mnyama anayemchora siku zote anaitwa Ngurumi, jina kalitunga mwenyewe, anaishi ndani ya friji, hana macho kwa sababu humo ni giza na macho ya nini, ana masikio mapana kama sinia na miguu mingi ya kung'ang'ania rafu, na friji ikifa maana yake Ngurumi anaumwa, mimi nikiitengeneza ikaanza kunguruma basi binti yangu anamwambia mteja kwa uso mkavu kabisa, "Chukua, amepona." Na Ngurumi ana sheria zake. Huingii kwake. Unabisha mlango, unasikiliza, unaondoka zako, kwa sababu, namnukuu mwanangu, "Ile ni nyumba ya mtu, na pumzi za ndani zinamtosha yeye peke yake."

Sasa dada yangu mkubwa anaandika na kuchora vitabu vya picha vya watoto. Mwaka jana alikwama, hana wazo hata moja, akawa haishi kuja kwetu, anakaa sakafuni na mtoto, anamuuliza maswali, anachora pembeni yake, akiondoka anabeba michoro eti akaitazame vizuri, na mimi nikafurahi, nani asingefurahi kuona shangazi mtu anamsikiliza mwanawe namna ile. Kitabu kikatoka, tukaletewa nakala. Mshauri, Ngurumi amekuwa paka. Paka mweupe mnene, macho kama balbu, kavishwa skafu shingoni. Mtoto wa kitabuni anafungua friji, anaingia, anafunga mlango nyuma yake, wanasafiri mpaka nchi ya barafu, halafu paka anabaki huko kwa mama yake na mtoto anarudi peke yake akimpungia mkono. Ukurasa wa mwanzo umeandikwa "Kwa watoto wote wenye ndoto", jina la binti yangu halipo hata kwa herufi ndogo. Yeye alipofika mwisho alikifunga kitabu, akaniuliza, "Mbona kamfukuza?"

Tukaacha yapite, ni dada. Kisha akaalikwa shuleni kwa binti yangu kukisoma, wazazi tumekaa nyuma, mwalimu akamuuliza mawazo anayatoa wapi, naye akajibu kwa madaha kwamba watoto ni kisima na yeye anachota tu. Binti yangu akanyoosha mkono, akasema, "Ngurumi si paka, na huwa hatuingii." Dada akacheka, akawaambia watu, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu, ana wivu kidogo," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu hapo wenzake wanamwambia yeye ndiye anayekosea, kwa sababu kitabu kinasema vingine.

Yangeishia hapo ningemeza. Lakini Jumamosi moja mtoto wa jirani yetu mwenye duka la dawa, rafiki wa binti yangu, alikuja kucheza, mimi nikawa mbele naongea na mteja, na uani nina friji za zamani zile zinazojibana kwa nje, ukiwa ndani huwezi kuzifungua. Mama yake alipokuja kumwita haonekani, tukadhani katoka nje, tukatawanyika barabarani tunaita jina lake, na ni binti yangu aliyerudi uani akaanza kubisha friji moja baada ya nyingine na kuweka sikio, mara nikasikia ananiita, "Baba, hii inajibu." Nilipofungua, mtoto wa watu kalowa jasho, midomo imebadilika rangi, hata kulia hawezi. Pumzi zilipomrudia nikamuuliza alifuata nini humo. Akasema, "Nchi ya barafu."

Yu mzima, anakwenda shule. Nikampigia dada nikamweleza yote, akasema, "Pole sana, lakini watoto wanajificha kwenye friji tangu mimi sijazaliwa."

Nikamwambia, "Mwanangu alikuambia hawaingii."

"Mhariri alisema asipoingia hakuna safari, na bila safari hakuna kitabu. Halafu mawazo ya mtoto hayana mwenyewe, mdogo wangu, mimi ndiye niliyeyapa sura."

Mama yetu anataka nifunge mdomo kwa sababu kitabu kimepata tuzo na jina la baba limetajwa redioni. Mke wangu anasema wifi yake asikanyage tena kwetu. Na juzi dada katuma ujumbe anaomba michoro mipya, anaanza kitabu cha pili. Michoro yenyewe haipo, mshauri, binti yangu ameacha kuchora, nikimpa karatasi anairudisha mezani na kusema, "Nikichora mtachukua." Naona kama wameua kitu ndani ya mwanangu. Nimwendee mchapishaji nimwanike dada yangu, au nimeze kwa ajili ya mama?

Fundi friji mwenye donge

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, barua yako niliisoma mara moja, kisha nikakupigia simu, jambo ambalo si kawaida yangu, na wasomaji wengine wajue sababu. Umemlaumu dada yako, mhariri wake na mama yako mzazi, na kote humo hukuandika kwamba umeng'oa milango ya friji zile za uani. Nilipokuuliza ukanijibu, "Nitaing'oa wikendi, sasa hivi nina kazi ya mtu." Nikakwambia mtu huyo asubiri, na mimi nasubiri hapa hapa kwenye simu. Dada yako hakuziweka friji zile uani kwako. Uliziweka wewe, ukaziacha na milango yake baada ya mtoto wa jirani kukaribia kufa, ukakaa mezani kumwandikia mshauri wa gazeti. Ulimpa binti yako simu ukaenda kutafuta bisibisi. Niliyozungumza naye nitayasema.

Kwanza dada yako. Mwandishi wa vitabu vya picha kukaa sakafuni na mtoto si wizi, na wengi wangefanya kazi nzuri zaidi wangepiga magoti mara kwa mara. Kosa lake ni kwamba alisikiliza nusu. Alichukua friji akaacha sheria ya friji, na sheria ndiyo iliyokuwa na akili kuliko kitabu chake chote. Mtoto wa darasa la kwanza alijua humo ndani pumzi hazitoshi. Mwandishi, mhariri na watoa tuzo wote hawakujua. Ananikera zaidi kwa kumwita mtoto mwenye wivu mbele za watu, wakati mtoto alikuwa anamsahihisha.

Usimmezee. Nenda kwa mchapishaji wiki hii, nenda na mama wa yule mtoto, amweleze aliyoyaona kwa macho yake. Kitabu kisichapwe tena mtoto akiwa anajifungia kwenye friji, na shule zilizokinunua zijulishwe. Jina la binti yako liandikwe, kama mwenyewe anataka. Kabla ya kwenda, mwambie dada yako uso kwa uso kwamba unakwenda, asisikie kwa watu. Mama yako mweleze kwa adabu kwamba jina la baba lingetajwa redioni kwa namna nyingine kabisa kama mlango ule ungechelewa kufunguliwa. Na mke wako asifunge mlango kwa wifi yake moja kwa moja. Dada yako aje, akae sakafuni kama mwanzo, amwombe mtoto radhi, na habari za kitabu cha pili amuulize yeye. Akiambiwa hapana, avae viatu aende.

Sasa wewe. Ukumbi ulipocheka ulikuwa umekaa nyuma, umesema mwenyewe. Hukusimama. Binti yako alimtazama nani, unadhani? Mwombe msamaha kwa hilo, kwa maneno machache, bila kujitetea. Halafu mwambie waziwazi kwamba ni yeye aliyemwokoa rafiki yake, maana nilipomuuliza kama kuna aliyemwambia hivyo, alisema hakuna. Niliona aibu kwa niaba yenu wote.

Nilimuuliza pia Ngurumi yuko wapi siku hizi. Nilikuwa nakusikia nyuma unahangaika na bawaba. Akashusha sauti usimsikie, akaniambia, "Yupo. Kahama tu. Siwaambii wapi."

Kwa hiyo hakuna kilichokufa, fundi, na mtoto wako hahitaji daktari wala penseli mpya. Amemhamisha mnyama wake kwa sababu watu wazima wa nyumba hiyo hawaaminiki. Acha kumsukumia karatasi. Usipekue begi lake wala usimtume mama yake amchunguze. Akija siku moja mwenyewe kukuonyesha, msikilize mpaka amalize, na usimwambie shangazi yake.