Kisutu Ulichomwekea Nasra

Baba Nasra,

Tulia nikwambie, na usinikatize. Ndoa ya mwanao imebaki. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nakujua, ungeliniacha njiani ukenda kuchungulia mwisho.

Naam, ndoa. Yote haya yamekuja ulipokwisha kuondoka. Kule Amerika, jimboni kwake, mahakama iliruhusu mwanamke kumuoa mwanamke mwenzake, na Nasra wetu akenda akaandikishwa na Tereza, yule rafiki yake aliyekuwa akikuamkia kwenye simu kwa shikamoo ya kufundishwa, nawe ukimwitikia marahaba huku unacheka. Aliponambia nilikaa chini jikoni na mwiko mkononi, mchuzi ukaungua. Nilimuuliza kama amekula, basi.

Haukupita muda, watu wa jimbo lile wakapiga kura, wengi wakasema ndoa za namna hiyo marufuku. Nikadhani walokwisha kufunga wamefunga. Kumbe wenye ile kura wakarudi mahakamani, wanataka hata waliokwisha kuoana wahesabiwe hawajaoana. Mimi nimesikia mume akitoa talaka, nimesikia kadhi akivunja ndoa. Mtu asokujua, asokula kwako hata siku moja, akuachishe kwa kura, hilo sijapata kulisikia. Nikamuuliza Nasra, "Na wakiivunja, eda utakaa?" Akacheka mpaka akalia. Nadhani alikuwa analia tangu mwanzo.

Dini usiniulize inasemaje. Najua, na wewe unajua. Hilo nimemwachia Mungu, namuomba kila nikisujudu. Lakini nilikuwa nikiikumbuka ile hospitali ya Riyadh, ulipochukuliwa kutoka dukani kwako Dira. Nimefika kwa basi kutoka Jidda, miguu imevimba, mlinzi ananambia mafi, hakuna kuingia. Nikatoa ikama, kile kibali cha ukaazi, akaona jina lako pale, kuwa mimi ni mkeo. Akasema yalla, ingia. Ndiyo nikapata kukushika mkono ungali na joto. Sasa nikawa najiuliza, Nasra akilazwa huko ugenini, au huyo Tereza, mlinzi ataangalia nini?

Bi Zuwena wa ghorofa ya juu akaniona nakonda. Nikamwambia kuna watu wanataka kuivunja ndoa ya Nasra. "Mawifi hao," akasema, hakungoja jibu. Alipokwenda Umra aliiombea hiyo ndoa mpaka sauti ikamkauka, na mawifi, anasema, kawashtaki kwa Mola. Nikaitikia amin. Niliitikia kwa moyo wote, nikamkaangia na vitumbua.

Juzi baada ya Magharibi simu ikalia. Nasra, hata salamu hakutoa.

"Mama, tumebaki."

Majaji wamesema marufuku ya ile kura inakaa, hakuna wengine kuoana tena. Lakini waliooana kabla, ndoa zao hakuna wa kuzigusa. Nikawaonea huruma waliochelewa, na huku namshukuru Mungu kuwa wangu hakuchelewa. Nyuma yake nilisikia mtu analia kwa kwikwi. "Mpe maji huyo," nikamwambia. Nilipoweka simu chini nikaona njaa, njaa khasa, nikala wali wa mchana uliopoa, nimesimama.

Asubuhi nikalishusha sanduku. Unakumbuka ulivyokuja na kile kisutu, kanga ya bibi harusi, umekipata Riyadh kwa mtu aliyetoka Unguja? Hujavua hata viatu unanambia, "Cha Nasra. Kiweke. Usimuulize lini, wala nani." Nikadhani umechoshwa na maneno yangu ya kila siku kuwa binti anazeeka. Sasa nadhani ulikuwa ukijua, ukanificha kwa kunihurumia. Na kama hukujua, basi usinambie.

Doti ilikuwa nzima, haijakatwa. Nikautoa mkasi wako wa dukani. Tangu mama zetu, doti ya kisutu huvaa bibi harusi mmoja, kimoja chini kimoja juu. Mimi nimeikata katikati, kimoja cha Nasra, kimoja cha Tereza. Mkasi wako bado mkali, umekwenda sawa. Nikapinda kwa mkono, maana mlio wa cherehani ungemshusha Bi Zuwena.

Ameshuka hivyo hivyo. Mpwa wake anakwenda Amerika kusoma, ndiye atakayevichukua. Akaviona viwili, mbali mbali, akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri," akasema, "kimoja cha kumlainisha wifi." Akavifukiza udi mwenyewe, akavifunga mwenyewe. Nilitoka nikenda barazani nikacheke peke yangu. Ungelikuwepo ungeliniharibia, wewe kucheka kimya hujui.

Jidda huijui tena, mume wangu. Mafuta yamepanda bei, kila kiwanja kimesimamishwa winchi, na hapa Ruwais kodi zinatukimbiza. Na kule Riyadh, dukani kwako Dira, sasa wanauza simu. Ila mimi nipo, na usingizi umenirudia.

Kaa kwa amani huko uliko, Mungu akupanulie. Nami nakuahidi jambo. Ijumaa Nasra akipiga, nitamwambia anipe Tereza. Kiingereza sina, na yeye Kiswahili chake ni ile shikamoo tu, ambayo tangu ulipoondoka kila akiitoa mimi naiacha ipite. Safari hii nitaiitikia. Marahaba ya kwako, na ya kwangu.

Mkeo,
Mama Nasra