Nilimkatiza Binti Yangu Mbele ya Watu, Sasa Hagusi Kinanda

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijapasuka kwa hasira. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja hufanyia mazoezi ya kinanda chumba cha pili, pazia tu ndilo linalotutenga, kwa hiyo kila anapokosea nasikia, nami nagonga meza kwa rula ili aanze upya, hata mara ishirini, hata akilia, maana sitaki mtoto wa kubahatisha. Sasa siku moja wanafunzi wa mwalimu wake wa kinanda wakapiga mbele ya wazazi, ukumbi umejaa, binti yangu akateleza katikati, na kabla sijajizuia nikasimama nikapaza sauti, "Anza upya!" Akafunga kinanda, akashuka jukwaani, akanipita kama hanijui, akaenda kukaa na mama yake. Mwalimu wake akanijia palepale: "Baba, mtoto alikuwa ameshajirekebisha. Wewe ndiye uliyemkatiza." Mimi nifundishwe kulea na mwalimu msichana mdogo vile! Hii ni wiki ya tatu mtoto hagusi kinanda, mama yake anamuunga mkono, mimi naambulia salamu ya asubuhi, basi. Nimlazimisheje arudi?

Fundi Mwenye Uchungu

Fundi, leo sina maneno laini. Umlazimishe? Thubutu! Najua unampenda, na kwamba unataka afike mbali. Lakini hukuwa unamsikiliza, ulikuwa unamvizia. Wewe mwenyewe ulifumua kola ngapi kabla hujashona moja ikakaa sawa? Na nani alikugongea meza? Aibu ya siku ile ni yako, si ya mtoto, na mwalimu alikuwa mpole mno. Ningekuwa mimi ningekutoa nje.

Leo akitoka shule, zima cherehani, mwite, mwambie: "Mwanangu, nilikukosea. Nisamehe." Koma hapo. Ole wako uongeze "lakini". Kamwombe radhi mwalimu pia, tena kwa miguu yako, usimtume mkeo. Kinanda usikitaje. Akirudi mwenyewe, nusu saa kwa siku inatosha. Akikosea, funga mdomo. Akimaliza, muulize ni wimbo gani anaoupenda, akupigie, kaa, usikilize mpaka mwisho. Na asipokigusa tena maishani, meza uchungu wako, mzungumze mambo mengine. Bado ni binti yako.