Maua ya Ufunguzi Mkabala na Kwetu

Mkahawa wa Hinagiku,
Kata ya Nishi,
Nagoya.
19 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu Chizuko,

Mnaendeleaje huko Londrina, Brazili? Mgongo wa shemeji Tadao umepata nafuu, au bado anaamka ameshika ukuta? Mimi mzima, ukiondoa magoti, ambayo siku hizi yanatabiri mvua vizuri kuliko redio.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu barua yako ya Machi. Sikuwa na la kukufurahisha, na hata sasa sina.

Mtaa wetu umebaki jina tu. Kinyozi Kasugai amefunga, na ile nguzo yake ya rangi, alama ya vinyozi, ilizunguka mlangoni siku tatu zaidi kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuizima. Pale kwa muuza tofu, mkabala na mlango wangu, waliingia wauza vifuniko vya simu, wakaondoka, wakaja wa chai ya maziwa, nao wakaondoka. Nikaacha kujisumbua kukariri majina ya watu.

Na mimi, kama nilivyokudokeza kwenye simu mwaka mpya, nafunga mkahawa. Ni tarehe thelathini mwezi huu. Wateja wa kahawa ya asubuhi wamebaki wanne, wengine nimewazika. Hapa mtaani sijamwambia mtu.

Sasa nikueleze kilichoninyima usingizi. Mwezi wa nne alikuja binti mmoja anaitwa Honoka, yeye na mumewe ni waoka mikate. Aliniuliza kama mtaa huu bado una watu, nikamwambia wapo. Sijui kwa nini nilisema vile. Labda nilifurahi tu kuulizwa. Wakapachukua pale kwa muuza tofu kwa kujaribu, wakapanga kwamba jioni ya siku ya ufunguzi wataamua kama watie saini mkataba wa miaka mitano au waondoke mapema.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Rafiki zao waliwaletea mashada mawili makubwa ya maua, yakasimamishwa mlangoni. Unakumbuka mama alivyokuwa akituhimiza tuwahi kuchomoa maua ya duka jipya, maana yakiisha upesi duka lina bahati? Basi mvua ikanyesha. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita, na hakuna mkono uliogusa ua. Honoka amesimama na aproni yake mpya, anaikodolea macho barabara tupu.

Roho iliniuma. Nikatoka na mwavuli, nikampongeza, nikachomoa matatu. Alipoingia kutazama tanuri, nikarudi nimevaa koti la mvua la marehemu mume wangu. Kisha nikarudi tena, na tena. Bibi mzima wa miaka sitini na tisa, naiba maua kama kibaka. Kabla ya adhuhuri yalibaki majani. Maua yote niliyatia kwenye ndoo jikoni.

Mchana Honoka akaja mbio.

"Mama, umeona? Maua yameisha, na mvua yote hii! Mume wangu alikuwa anang'ang'ania eti mtaa umekufa. Leo kafyata."

Jioni ile wakatia saini miaka mitano.

Jana asubuhi akapita mlango wa nyuma, ameniletea mkate wa kwanza wa zile tosti ninazowapa wateja na kahawa. Ndiyo mipango yake, awe ananiokea mimi kila siku. Sikuwahi kuificha ndoo. Aliitazama kwa muda, akauweka mkate mezani taratibu.

"Kumbe ni wewe, mama. Yote?"

"Yote."

"Mimi nilidhani ni mtaa."

Nikajaribu utani. "Kwani mimi si mtaa?"

Akacheka huku machozi yanamlengalenga, akanishika mikono yote miwili.

"Haya basi, kumbe upo. Nitakuwa nakutazama wewe tu. Nikiona taa yako inawaka asubuhi, na mimi nawasha tanuri."

Chizuko, nilikuwa na nafasi ya kusema kwamba nafunga, na sikusema. Nilimwaga maji ya ndoo, nikamwuliza mkate umetiwa nini. Naona aibu, na nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na huwezi kunitazama usoni. Leo jioni navuka barabara kumwambia, hata kama magoti yatagoma.

Nisalimie shemeji Tadao, na wanangu Eduardo na Lusia, na shangazi Hatsue ukienda kumwona. Mbarikiwe afya, na nyumba yenu isikose sauti za watu.

Asubuhi ya leo niliukata mkate wa Honoka kwa wateja wangu wanne. Wote wameusifu. Mzee Ozeki akasema maadamu kuna mkate kama huu, atakuja mpaka siku yake ya mwisho. Nikamwongezea kahawa.

Dada yako akupendaye daima,
Sumie